Fungu dogo la waendesha baiskeli wa Tanga: linunue vifaa au limlipe kocha?

Mtoa hoja:

Ndugu zangu waendesha baiskeli wa Tanga, na nyote mnaoupenda mchezo huu, salaam. Kuna mvutano miongoni mwetu ambao ningependa tuujadili kwa uwazi. Kikundi cha waendesha baiskeli wa ridhaa kinapopata fungu dogo, ama kwa michango ya wanachama ama kwa mkono wa mfadhili, upande mmoja husema fedha hizo zinunue magurudumu mapya na jezi, na upande wa pili husema alipwe kocha. Wa upande wa kwanza wana hoja wanayoirudia kila mara: kwamba kocha ni wa wale wanaokwenda mashindano ya kimataifa, na kwamba mtu wa Tanga, aliyezaliwa akaikuta baiskeli mlangoni, hafundishwi kuendesha. Mimi nipo upande wa pili, na sababu yangu kubwa ni moja. Kocha hutuzuia. Faida yake iliyo kubwa kuliko zote kwa mtu wa ridhaa ni kumwambia siku gani aende taratibu na siku gani abaki nyumbani.

Tazameni safari zetu za Jumapili asubuhi. Tunakutana Kange, tunatoka pamoja kuelekea Muheza tukizungumza, na kabla ya kufika Pongwe kuna mmoja ameshaanza kuongeza kasi. Wa pili hataki kuachwa, wa tatu naye anakaza, na muda si mrefu kundi zima linahema. Katikati ya wiki hali huwa hiyo hiyo. Matokeo yake ni kwamba kila safari inakuwa ngumu kiasi: inauchosha mwili hata usipate nafasi ya kujijenga, na wakati huo huo haitoshi kuusukuma uvuke pale ulipozoea. Mtu huendelea hivyo mwaka mzima, kasi yake ikabaki ile ile, kisha akailaumu baiskeli. Watafiti wa mazoezi ya ustahimilivu, akiwemo Stephen Seiler, wameonyesha kwamba wanamichezo walio bora hufanya takriban asilimia 80 ya vipindi vyao kwa mwendo mwepesi, na asilimia 20 hivi tu kwa kazi nzito. Mwendo mwepesi ni ule unaomwezesha mtu kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Jambo hili ni jepesi kulielewa lakini ni gumu mno kulitekeleza mbele ya wenzako, kwa sababu kupitwa kunauma. Hapo ndipo anapohitajika mtu mwenye kauli, aseme, "Leo hushindani na mtu," na akasikilizwa.

Wenzetu wanaodai kwamba kocha ni wa wanaolipwa kwa mchezo wameigeuza hesabu. Anayelipwa ana siku nzima ya kufanya mazoezi, na akikosea leo ana kesho ya kurekebisha. Mtu wa ridhaa anatoka zamu bandarini, ana duka, ana watoto, na muda alionao kwa wiki ni saa chache alizozipata kwa kubana hapa na pale. Ni yeye hasa asiyeweza kumudu kuzipoteza.

Tena, kinyozi hajinyoi. Mwendesha baiskeli hajioni akiwa juu ya baiskeli. Simameni jioni katika mojawapo ya zile barabara za namba za Ngamiani mkawatazame vijana wanaopita: siti iko chini mno, goti linapanda karibu na kifua, mguu haunyooki hata pedeli inapofika chini kabisa. Kijana wa namna hiyo atakuambia goti linamuuma kwa mbele, na kwamba dawa yake ni kuchua kwa mafuta. Kocha humwegemeza ukutani, akamwambia aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini, na akapandisha siti mpaka mguu unyooke. Kisha kijana akisogeza mguu ili pedeli ikae chini ya ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole, goti hubaki limekunjwa kidogo, nyuzi 25 hadi 35 hivi. Kazi hiyo inahitaji spana moja na jicho la mtu mwingine.

Kuhusu magurudumu ya bei kubwa, naomba tuzingatie upepo, kwa kuwa sisi wa pwani tunaujua. Katika barabara tambarare, upinzani wa hewa ndio unaokula sehemu kubwa ya nguvu zetu, na nguvu ya kuushinda hupanda haraka kuliko kasi yenyewe: ukitoka kilomita 20 kwa saa ukafika 25, nguvu inayohitajika kuushinda upinzani huo peke yake inakaribia mara mbili. Sehemu kubwa ya upinzani huo inatokana na mwili wa mwendeshaji. Kwa hiyo mtu aliyefundishwa kukunja viwiko, kushusha kifua na kukaa vizuri nyuma ya mwenzake wakati kusi inapovuma usoni njiani kwenda Pangani ataokoa nguvu nyingi kuliko aliyenunuliwa gurudumu jipya na akabaki amesimama wima kama mlingoti.



Mchangiaji kutoka Pongwe:

Ndugu mtoa hoja, nimekusoma kwa makini na ninakuheshimu, lakini sikubaliani nawe. Vijana wengi wa huku wana baiskeli ambazo breki zake hazishiki na hawana kofia ngumu, ilhali barabara hii wanagawana na mabasi na malori yanayotoka Segera. Kumlipa mtu awafundishe kupumzika wakati hawana breki ni kupanga mambo kinyume. Pili, nani atamthibitisha huyo kocha? Nimewaona watu waliowahi kushinda mbio mbili tatu wakajiita makocha, wakampa kila mtu mazoezi yale yale, mzee wa miaka 50 na kijana wa miaka 19, mpaka wengine wakaacha kabisa. Tatu, siku hizi simu inampa mtu ratiba ya mazoezi bila malipo. Kwa nini tutoe fedha?

Mchangiaji kutoka Chumbageni:

Mimi ni mama wa watoto wawili na ninaendesha. Kaka wa Pongwe, nakubaliana nawe kuhusu breki, lakini naomba usisahau kwamba pasipokuwa na mtu wa kulipanga kundi, wanaoachwa nyuma ni wanawake na wanaoanza. Niliachwa peke yangu zaidi ya mara moja kwenye barabara ya Muheza, na hakuna aliyegeuka kutazama. Kikundi chetu kilipopata mtu wa kutugawa kwa uwezo na kuamua nani anatangulia, ndipo nilipoanza kutoka kila wiki, na hata mlima wa kwenda Amani nimeupanda. Kwangu mimi kocha ndiye aliyenifanya nibaki kwenye mchezo.

Mtoa hoja anajibu:

Kaka wa Pongwe, katika hoja yako ya kwanza una haki kamili. Breki na kofia ngumu zitangulie kabla ya jambo lolote, na kikundi kisichoweza kuwapatia wanachama wake vitu hivyo kisizungumze habari za kocha bado. Ninachokipinga ni fungu lililobaki baada ya hapo kuishia kwenye magurudumu na jezi.

Kuhusu simu, ratiba yake ni nzuri kwa anayeweza kujitawala, na wako watu wa namna hiyo. Lakini simu haijui kwamba jana ulikesha hospitali na mgonjwa, haioni goti lako, na ukiidanganya inakubali. Kocha anayekufahamu atakuuliza mapigo yako ya moyo asubuhi kabla hujainuka kitandani, akiona yamepanda kuliko kawaida yako siku mbili mfululizo ataifuta kazi nzito ya siku hiyo, na hatakubishia ukisema umechoka.

Wala hatuhitaji mtu wa gharama kubwa kutoka mbali. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France, zile mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, na aliyempokea utotoni akaendesha naye pamoja na vijana wengine ni David Kinjah wa mji wa Kikuyu, karibu na Nairobi, mwendeshaji Mkenya aliyekuwa akiwafundisha vijana nyumbani kwake. Simtaji ili tuwaahidi watoto wetu makubwa. Namtaja kwa sababu msingi ule uliwekwa na jirani aliyeujua mchezo na akakubali kukaa na watoto.

Hofu yako kuhusu makocha wa kujiita ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote, na napendekeza tuijibu kwa mkataba. Kocha aajiriwe kwa miezi mitatu, malipo yake yajulikane kwa wanachama wote, na ampe kila mtu mpango wake kulingana na umri, kazi na afya. Mwanzoni kila mwanachama apimwe muda wake katika kilomita kumi za barabara ya Pangani, tano kwenda na tano kurudi, asubuhi kabla ya jua kukolea, ili kusi isimpe mtu sifa isiyo yake wala kaskazi isimnyime. Mwishoni kipimo kirudiwe mahali pale pale, ihesabiwe pia idadi ya walioacha na walioumia, na matokeo yasomwe mbele ya wote, wakiwemo waliopinga. Faida isipoonekana, mkataba usirefushwe, na fedha zilizobaki ziende kwenye magurudumu. Wewe, kaka, ningeomba uwe mmoja wa watakaoshika saa siku hiyo.