Karatasi za wapigaji kutoka kwenye nota kamili: tarumbeta zinasikika juu kuliko kwaya

Mwalimu wa kwaya, Moshi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu walimu. Kwaya ya usharika wetu inajiandaa kuimba "Haleluya" ya Handel, ile iliyomo katika Messiah, kwenye ibada ya Pasaka, na kwa mara ya kwanza tunataka isindikizwe na kikundi chetu cha tarumbeta, vayolini mbili na kinanda. Nota nilizonazo ni kamili, yaani kila ukurasa umebeba mistari ya kwaya na ya vyombo vyote kwa pamoja, hivyo mpiga tarumbeta angelazimika kufunua kurasa nyingi kwa ajili ya mstari mmoja tu unaomhusu. Nilizinakili zote katika MuseScore 4, programu ya kompyuta ya kuandikia nota, vipimo 94 (visanduku vya mapigo vinavyotengwa kwa mistari ya wima), kazi iliyonichukua majuma matatu ya kukesha, kisha nikaiagiza programu itoe karatasi ya kila chombo peke yake. Mstari wa besi niliunakili pia kwa ajili ya tromboni.

Karatasi zilitoka, lakini mazoezi ya Jumamosi yaliniumiza moyo. Wapigaji wa tarumbeta walipotea mara mbili wakiwa kwenye kimya, yaani mahali wasipopiga, na walipoingia sauti zao zilikuwa juu kuliko za waimbaji. Tromboni na kinanda vilikubaliana na kwaya; tarumbeta peke yake ndizo zilizogongana nayo. Nimezikagua nota zote na kuzisikiliza kwenye kompyuta, na humo ziko sawa. Pamoja na hayo, hatuna viola wala obua. Je, niiache mistari ya vyombo hivyo, au niigawe kwa vyombo tulivyonavyo?

Mpiga tarumbeta, Arusha

Mwalimu, nota zako hazina kosa, na vijana wako pia hawana kosa. Dalili kubwa umeitaja mwenyewe uliposema kwamba tromboni ilikubaliana na kwaya.

Tarumbeta tunazotumia wengi wetu ni za B-flati. Kwa kawaida ya bendi nyingi duniani, mpigaji anayeona C na kupuliza bila kubonyeza vali yoyote hutoa sauti ambayo kwenye kinanda ni B-flati, yaani toni moja nzima chini ya ilivyoandikwa. Programu inalijua jambo hilo, na kwa hiyo inapotoa karatasi ya tarumbeta huzipandisha nota zote kwa toni moja ili sauti itakayotoka ilingane na kwaya. Karatasi ya tromboni iliyoandikwa kwa ufunguo wa besi haipandishwi, kwa sababu tromboni husoma sauti kama zilivyo.

Sasa, vikundi vya tarumbeta vya makanisa ya Kijerumani vina desturi tofauti. Mpigaji hufundishwa kusoma nota zilezile za kitabu cha nyimbo kama zinavyosikika kwenye kinanda, na kuhama kwa toni hufanywa na vidole vyake, ili aweze kufungua kitabu chochote cha kanisani na kuanza kupiga pasipo kuandikiwa karatasi ya pekee. Mimi nilifundishwa hivyo, na aliyenifundisha naye alijifunza kwa wamisionari wa Kijerumani. Mpigaji wa namna yangu akipewa karatasi iliyokwisha kupandishwa na programu, toni huongezeka bila sababu, na sauti yake hutoka juu ya kwaya, kama ulivyosikia.

Jaribu hivi kabla ya kugusa kompyuta. Mwonyeshe kila mmoja, peke yake, ile C iliyo kwenye kimstari kidogo chini ya mistari mitano, na umwombe aipige. Asipobonyeza vali yoyote, anasoma kwa kawaida ya bendi na karatasi yako inamfaa. Akibonyeza ya kwanza na ya tatu, amefundishwa kama mimi. Kwa huyo wa pili, badilisha chombo ndani ya programu kutoka tarumbeta ya B-flati kuwa tarumbeta ya C, na karatasi itajiandika upya. Utaitambua kwa macho: wimbo huu Do yake ni D, kwa hiyo karatasi yake itakuwa na shapu mbili, ilhali ile uliyowapa Jumamosi bila shaka ilikuwa na shapu nne.

Nakusihi usiwapime kwa pamoja. Katika kikundi kimoja anaweza kuwapo aliyelelewa kanisani na aliyepitia bendi ya polisi, na wakichungulia vidole vya wenzao hutapata jibu la kweli.

Mwandishi wa nota, Dodoma

Naongezea kuhusu kupotea kwenye kimya. Programu inakusanya vipimo vya kimya vinavyofuatana na kuviandika kama mstari mmoja mnene wenye namba juu yake, na katika MuseScore herufi M ndiyo inayowasha na kuzima mkusanyo huo. Karatasi inakuwa fupi, ni kweli, lakini mpigaji anaachiwa namba tupu aihesabu huku kwaya nzima ikiimba mbele yake.

Mimi huweka herufi za mazoezi, A, B, C na kuendelea, mahali maneno ya kwaya yanapobadilika. Herufi hiyo huukata mstari wa kimya, kwa hiyo mpigaji haoni tena kimya kimoja kirefu bali vipande viwili au vitatu ambavyo kila kimoja kina mwanzo anaoweza kuusikia. Tena, juu ya kipimo kimoja au viwili kabla ya kuingia kwake, naandika maneno yaleyale ambayo soprano wanaimba wakati huo. Vijana wetu wanayajua maneno ya wimbo kwa moyo, na wengi hushika neno kwa wepesi kuliko hesabu. Dorico, programu nyingine ya kuandikia nota, ina njia yake ya kuweka nota ndogo za kuongozea kutoka kwa chombo kingine, na inafanya vizuri sana, lakini kwa kazi ya usharika mmoja sioni sababu ya kuinunua.

Mwisho wa ukurasa nao uangalie. Ukurasa uishie mahali penye kimya, hata kama nusu yake itabaki tupu, maana mpiga vayolini hana mkono wa tatu wa kufunua karatasi.

Mpiga kinanda, Mwanza

Obua ziache bila wasiwasi. Katika nota kamili ambazo Handel aliziandika mwaka 1741 hazimo. Katika nyongeza ya wosia wake ya mwaka 1757 aliagiza kwamba Foundling Hospital, kituo cha London kilicholea watoto waliotelekezwa, kipewe nakala safi ya nota kamili pamoja na karatasi zote za wapigaji, na ni katika karatasi hizo tunakuta obua na bassoni.

Viola ni jambo jingine, kwa kuwa inajaza katikati. Linganisha mstari wake na wa tenor. Panapofanana, uache, na panapotofautiana, unakili kwenye mkono wa kulia wa kinanda. Mkono wa kushoto ubaki na besi. Ukitaka mpiga kinanda aione kwaya pia, nakili soprano na alto kwenye mistari miwili ya akiba, kisha utumie amri ya Implode ili iunganishwe kuwa mstari mmoja. Ufanye vilevile kwa tenor na besi. Sauti zinapopishana sana matokeo hujaa vimya visivyohitajika, na hivyo utavifuta mwenyewe kimoja kimoja. Fanya haya yote kwenye nakala ya faili, kamwe si kwenye faili lako la asili.

Mwalimu wa kwaya, Moshi

Nawashukuru sana. Jana jioni niliwaita mmoja mmoja. Watatu walibonyeza vali ya kwanza na ya tatu. Mmoja, ambaye alijifunzia shuleni, hakubonyeza kitu. Nimewatengenezea karatasi za namna mbili na kuandika jina la kila mmoja juu ya yake ili zisichanganyike. Leo tulipiga mara mbili mwanzo hadi mwisho, na tarumbeta zikakaa pamoja na kwaya. Mstari wa viola bado naulinganisha na tenor, na nimefika kipimo cha 40.