Mrejesho: lile neno 'newborn'

Assalam aleikum. Wiki iliyopita niliuliza maana ya 'newborn', neno lililoandikwa kwenye lebo ya nguo za mtoto nilizonunua soko la Darajani, Unguja, na kama zitamfaa mtoto wa wifi yangu wa Wete, Pemba, wa miezi miwili.

Mlionambia ni kichanga aliyezaliwa karibuni mlipatia. Mkunga mmoja kanambia kwao hospitali ni siku 28 za mwanzo tu (sie tunangoja arobaini!). Huandikwa neno moja, na huwa nomino au kivumishi.

Tatizo nilishazituma kwa boti. Fulana ilikwama kichwani, suruali ikaishia magotini. Wifi kacheka, kazikunja, kamwekea jirani yake anayetarajia mwezi ujao.