Tagi za RFID au msimbopau kwa vyombo vya kukodisha: nichague ipi?

Mwenye Vyombo, Lamu. Jumatatu, saa 3:05 usiku

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninakodisha vyombo vya harusi, hitima na Maulidi hapa Lamu, na karibu kila baada ya shughuli vyombo hurudi pungufu. Shughuli mbili zikikutana siku moja, vyombo vya nyumba hii huchanganyika na vya nyumba ile, na hasara inabaki kwangu. Muuzaji mmoja amenionyesha njia mbili: vibandiko vya msimbopau, ile mistari myeusi kama ya bidhaa za dukani, vinavyosomwa kwa simu, na tagi za RFID, yaani utambuzi wa vitu kwa mawimbi ya redio, ambazo anasema zitanihesabia kila kitu kinachopita mlangoni bila mtu kukigusa. Anataka arubuni kabla ya wiki kwisha, nami nataka mambo yawe tayari kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, kuingia. Ninaomba mnishauri, ipi bora?

Mwalimu wa Langoni. Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako halijibiki kwa namna ulivyoliuliza. Hukutuambia una vyombo vingapi, ni vya chuma, plastiki au nguo, na kimoja kikipotea kinakugharimu kiasi gani. Hukutuambia pia vinapotelea wapi: ghalani kwako, njiani juu ya punda, mashuani, au jikoni kwa mwenye shughuli? Na bajeti yako ni ngapi? Mtu anayekupa jibu kabla ya kujua hayo anakuuzia kitu, hakushauri.

Karani Mstaafu, Lamu. Jumatatu, saa 4:15 usiku

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi sijaona mtambo uliolitangua neno hilo. Nilishika ghala kwa miaka mingi. Tulipaka kila sufuria alama ya rangi chini ya kitako na kuichonga namba kwa patasi, na mpokeaji alitia sahihi mbele ya mtu wa pili. Mtu akitia sahihi yake kwa sinia hamsini, atarudisha hamsini. Fedha hizo zitumie kununua vyombo vingine.

Fundi wa Mawimbi, Malindi. Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Kwa heshima yako, mzee wangu, daftari haligombani na RFID, kwa sababu RFID yenyewe haijui chochote isipokuwa namba. Ndani ya tagi mna chipu ndogo iliyoungwa na antena, na aina iliyo nyingi sokoni haina betri kabisa. Kisomaji kinatoa mawimbi ya redio, antena ya tagi inavuna nguvu kidogo kutoka katika mawimbi hayo hayo, chipu inaamka, kisha inajibu kwa kubadilisha namna inavyoyarudisha mawimbi kwa kisomaji. Jibu lake ni namba ya pekee, basi. Kwamba namba hiyo ni sinia fulani iliyokwenda Shela siku fulani, hayo yamo katika programu, na programu ni daftari.

Tofauti yake na msimbopau ni kwamba msimbopau lazima uonwe na jicho la mashine, kimoja baada ya kimoja, uwe safi na usiwe umefunikwa. Tagi haihitaji kuonekana, na kisomaji kizuri cha masafa ya juu kinaweza kusoma mamia ya tagi kwa sekunde. Lakini hakuna RFID ya namna moja; hutofautiana kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo ya mawimbi kwa sekunde, inayopimwa kwa kilohezi na megahezi. Zipo za kilohezi 125 hadi 134, zinazosomwa kwa karibu sana. Zipo za megahezi 13.56, ambazo simu nyingi za kisasa zinaweza kuzisoma zikiguswa. Zipo pia za megahezi 860 hadi 960, ambazo husomeka umbali wa mita kadhaa. Habari ya mlangoni inahusu hizi za mwisho. Muuzaji wako anakuuzia zipi?

Mwenye Vyombo, Lamu. Jumanne, saa 6:30 mchana

Hakunitajia megahezi. Nina masufuria makubwa sitini hivi, sinia mia mbili, viti vya plastiki mia nne, mabusati arobaini na tano, na sahani ambazo sijazihesabu vizuri. Vinavyopotea zaidi ni sinia na sahani. Vingi hupotelea jikoni kwa wenye shughuli, ingawa zamu moja mabusati manne yaliachwa gatini na hayakuonekana tena.

Mwalimu wa Langoni. Jumanne, saa 6:45 mchana

Na bajeti?

Fundi wa Mawimbi, Malindi. Jumanne, saa 8:10 mchana

Basi kaka, vitu vyako vinavyopotea zaidi ni vile vile vinavyoisumbua RFID zaidi. Chuma hurudisha mawimbi na kuivuruga antena iliyobandikwa juu yake, hata tagi ya kawaida ikibandikwa moja kwa moja kwenye sinia mara nyingi haisomeki kabisa. Zipo tagi maalumu za chuma, zenye tabaka linaloitenga antena na uso wa chuma, lakini ni nene zaidi na bei yake ni mara nyingi ya tagi ya karatasi. Hata hizo, sinia ishirini zikipangwa moja ndani ya nyingine, tagi za katikati zinafunikwa na chuma pande zote. Maji nayo hunywa mawimbi ya masafa hayo, kwa hiyo busati lililoloa halisomeki kama busati kavu. Viti vya plastiki ni rahisi: tagi ikikaa chini ya kikalio, vitahesabika vikiwa vimepandana. Na sufuria linalopanda jikoni usilibandike kitu kwenye kitako; mahali pake ni mpinioni, tena kwa tagi inayostahimili joto.

Bi Dobi, Malindi. Jumanne, saa 2:50 usiku

Mwanangu, ngoja nikueleze yaliyonipata, kwa sababu mimi nilitoa arubuni kabla ya kuuliza.

Nina kazi ya kufua shuka na taulo za hoteli na nyumba za wageni, Malindi na Watamu. Shuka zilipotea, kila hoteli ikanilaumu, na kila mara mimi ndiye niliyelipa. Akaja muuzaji, simtaji jina, akaweka shuka kumi kavu juu ya meza ya mbao, akapitisha kisomaji, zote kumi zikaonekana kwenye kioo. Nilifurahi mno. Nikanunua kisomaji cha mlangoni na tagi za kutosha shuka zote za wateja wangu wakubwa wawili.

Mwezi wa kwanza tagi zikaanza kufa. Zilikuwa za karatasi ya plastiki, aina ya kubandika katoni, wala si zile za kitambaa zinazoshonwa pindoni na kutengenezwa kwa ajili ya kufuliwa na kupigwa pasi kwa joto kali. Nikaambiwa mashine zangu zina moto kupita kiasi. Nikanunua upya, safari hii za kushona, na bei ikapanda. Kisha likaja la pili. Mzigo mchafu hufika umeloa, tena ndani ya toroli la chuma. Tulikuwa tukiingiza shuka themanini kisomaji kikaonyesha hamsini na kitu, tukirudia kikaonyesha sitini na kitu, na karani wa hoteli amesimama hapo anatazama.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Rafu ya shuka safi ilikuwa nyuma ya ukuta wa mlango ule, na mawimbi hayazuiwi na ukuta wetu wa matofali kama watu wanavyodhani. Kisomaji kikawa kinasoma shuka zilizotulia rafuni na kuziandika kuwa zimetoka. Nikapeleka hati ya shuka mia moja na kumi, hoteli ikahesabu tisini kwa mkono, nikaonekana mwizi katika mji niliozaliwa. Nilipotaka kusahihisha hesabu, nikakuta programu iko kwenye akaunti ya muuzaji, na namba zangu mwenyewe siwezi kuzitoa mpaka nilipe ada ya mwaka.

Sikuitupa. Nilihamisha rafu, nikaagiza kijana apunguze nguvu ya antena, na sasa tunasoma shuka zikiwa kavu tu, juu ya meza, kabla ya kufungwa. Kwa namna hiyo inafanya kazi, na ugomvi na hoteli umepungua sana. Lakini ile ya kupita mlangoni sikuipata hata siku moja, nami ndiyo niliyolipia.

Kijana wa Mokowe. Jumanne, saa 3:30 usiku

Pole sana, mama. Lakini naona mnamvunja moyo mwenzetu bure. RFID itamwonyesha kila sinia iko nyumba gani, kwa hiyo hata isipohesabiwa vizuri mlangoni ataifuata. Ndiyo maana hata wanyama hutiwa chipu, ili wakipotea wapatikane.

Fundi wa Mawimbi, Malindi. Jumanne, saa 3:55 usiku

Hapo sikubaliani nawe, ndugu yangu. Chipu ya mnyama hufanya kazi kwa kilohezi 134.2, na msomaji lazima akisogeze kisomaji karibu kabisa na shingo ya mnyama. Inakwambia huyu ni nani, haikwambii yuko wapi. Tagi isiyo na betri imekaa kimya mpaka kisomaji kiwe karibu nayo. Sinia ikiwa jikoni Matondoni na kisomaji kiko Mkomani, hakuna mawimbi wala habari.

Kijana wa Mokowe. Jumanne, saa 4:10 usiku

Je, zile zenye betri?

Fundi wa Mawimbi, Malindi. Jumanne, saa 4:25 usiku

Zipo, na hujitangaza zenyewe kwa umbali mkubwa zaidi, lakini huwekwa kwenye makontena na mitambo. Betri huisha, na gharama yake haikubaliani na sinia. Hata huko husomwa na kituo kilichofungwa mahali fulani.

Karani Mstaafu, Lamu. Jumatano, saa 12:50 asubuhi

Ninamuunga mkono Bi Dobi. Mtambo ulimwita mwizi, na kilichomwokoa ni hesabu ya mkono.

Mwalimu wa Langoni. Jumatano, saa 2:15 asubuhi

Mzee wangu, hesabu ya mkono ndiyo iliyomtia hasara hapo mwanzo. Tusisahau pia kwamba makampuni makubwa yalijikwaa kabla yetu. Mwaka 2003 Walmart ya Marekani iliwataka wauzaji wake mia moja wakubwa waweke tagi kwenye makasha na majukwaa ya kupangia mizigo ifikapo Januari 2005, na wengi walilalamikia gharama na usomaji usio kamili, hasa penye chuma na vimiminika. Ilipokuja kufana vizuri ni kwenye nguo. Inditex, wenye maduka ya Zara, walitangaza mwaka 2014 kwamba wanaitumia. Nguo ni kavu na haina chuma. Kwa hiyo, Mwenye Vyombo, mabusati na viti vyako vinafanana na nguo za Zara, na sinia zako ubaki nazo kwa msimbopau au namba ya kuchonga.

Nahodha wa Shela. Jumatano, saa 7:00 mchana

Msimbopau wa karatasi hauishi siku tatu mashuani. Maji ya chumvi na jua huufuta. Mkifuata njia hiyo, basi uchongwe kwenye bati dogo na kupigwa ribiti.

Fundi wa Mawimbi, Malindi. Jumatano, saa 8:20 mchana

Kweli, nahodha. Kuna jambo jingine wengi hawaulizi. Vifaa vya Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928, na vya Ulaya 865 hadi 868. Ndani ya masafa hayo ya Marekani mna sehemu ambayo huku kwetu ni ya simu za mkononi. Kisomaji cha bei nafuu cha mtandaoni huenda ni cha huko. Mtake muuzaji akuonyeshe kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa kifaa hicho hasa, na aandike kwamba programu na namba zote ni mali yako.

Bi Dobi, Malindi. Jumatano, saa 8:45 mchana

Na majaribio yafanywe ghalani kwako, kwa sinia zako, zikiwa zimepangwa na kuloa kama zinavyorudi. Usikubali meza ya mbao.

Mwenye Vyombo, Lamu. Alhamisi, saa 1:30 usiku

Ahsanteni nyote, na shukrani zaidi kwako, Bi Dobi. Muuzaji alikuja leo. Tulijaribu viti thelathini, akavisoma vyote mara mbili. Tukajaribu sinia kumi na mbili zilizopandana, zikasomeka mbili. Nilipomuuliza masafa na kibali alisema atampigia simu aliyemletea mzigo kutoka Nairobi. Arubuni sijatoa. Bado sijui kama inafaa kununua kisomaji kwa ajili ya viti peke yake, maana viti ndivyo havipotei.

Mwalimu wa Langoni. Alhamisi, saa 1:50 usiku

Mabusati hukuyajaribu? Na bajeti bado hujaitaja.