Ramani ya mpaka wa Ruvuma kwa kidato cha nne: niweke nini, niache nini?

Mwalimu wa Masasi:
Wakuu, habari za humu. Naandaa somo la mpaka wetu na Msumbiji, vipindi viwili vya dakika 40. Ramani nyingi za vitabuni zinaishia mtoni, ng'ambo ni karatasi nyeupe. Mwanafunzi anasikia miji ya Msumbiji, Palma na Mocímboa da Praia, redioni, ukimwambia aonyeshe ziliko anabaki kuduwaa. Nataka tuchore ramani moja kubwa ya ukutani, kisha habari tuzisomee hapo. Nitumie skeli gani? Na mpaka nichore ukingo upi wa mto?

PenseliHB:
Mwalimu, tumia 1:500,000, sentimita 1 kwa kilomita 5. Fremu ianze longitudo 38 hadi 41 mashariki, latitudo 9.5 hadi 13.5 kusini. Lindi inaingia juu, Pemba (mji wa Msumbiji, si kisiwa chetu) chini. Digrii moja ya latitudo ni sm 22.2, ya longitudo kama sm 21.8, hivyo mchoro mzima ni karibu sm 65 kwa 89. Unganisha manila mbili, selotepu ikae nyuma ili wino usiteleze.

Gridi kwanza, kwa penseli. Wakianza kuchora pwani kwa macho, kosa la Mtwara linashuka nalo hadi Pemba na hakuna tena cha kupima. Miji iwekwe kwa namba: Mtwara 10.27 kusini, 40.18 mashariki, Masasi 10.72, 38.80, mlango wa Ruvuma 10.47, 40.43, Palma 10.77, 40.47, Mocímboa 11.35, 40.35.

Kisha wape uzi wapime. Mtwara hadi Palma ni sm 13, yaani kilomita 65 hivi. Mtwara hadi Masasi ni sm 32, kilomita 160. Palma ni jirani wa Mtwara kuliko Masasi! Maputo haimo kabisa kwenye karatasi. Chora mshale pembeni uandike "zaidi ya km 1,800 kutoka Palma". Kwangu mimi huo mshale ndio nusu ya somo.

Kuhusu ukingo: usichore wowote. Mpaka uko mtoni, na michanga ya Ruvuma huhama kila mvua. Daraja la Umoja kule Mtambaswala lina mita 720. Kwa skeli yako ni milimita moja na nusu tu. Mstari mmoja wa wino unatosha.

Ng'ambo_na_Huku:
Naongeza historia, maana hapo ndipo wengi hukosa alama. Wanafunzi huandika "mpaka ulichorwa Berlin 1884–85". Si kweli. Ruvuma iliwekwa kuwa mpaka kwa makubaliano ya Wajerumani na Wareno ya Desemba 1886. Na mlangoni mwa mto kuna Kionga, upande wa kusini: Wajerumani waliichukua 1894, Wareno wakaingia 1916, mkataba wa Versailles wa 1919 ukawapa Wareno. Ipake rangi yake, wataona kwamba hata "mpaka wa asili" hupangwa mezani.

Usiishie ufukweni pia. Tanzania na Msumbiji zilisaini mpaka wa baharini 1988. Kaskazini yake kuna gesi ya Mnazi Bay, kusini yake gesi ya mbele ya Palma. Bila mstari huo hawataelewa kwa nini kampuni ikisimamisha mradi wa gesi kule Afungi, karibu na Palma, kama ilivyokuwa Aprili 2021, Mtwara nako watu wanauliza.

Tarehe za kubandika ni za mashambulizi ya waasi: Oktoba 2017 Mocímboa, Oktoba 2020 Kitaya (kijiji cha upande wetu), Machi 2021 Palma. Julai 2021 waliingia Msumbiji wanajeshi wa SADC kupambana na waasi hao, wakaondoka Julai 2024. Rwanda nayo iliingia Julai 2021, ila kwa makubaliano yake na Msumbiji, kwa kuwa si mwanachama wa SADC. Waulize: Tanzania imo jumuiya zipi, Msumbiji zipi? Sisi tumo EAC na SADC. Wao SADC peke yake.

Bi Newala:
Mwalimu, naomba jambo moja. Kitaya ni kwetu, mkoa huuhuu. Darasani anaweza kuwemo mtoto aliyepoteza ndugu. Usimsimamishe yeyote asimulie, na kambi za jeshi zisichorwe. Chora uwanda wa Makonde pande zote mbili, Newala huku, Mueda kule. Akisimama Shimo la Mungu, pale ukingoni mwa uwanda Newala, mtoto anaiona ng'ambo kwa macho yake, ramani isimfiche.

Mwalimu wa Masasi:
Asanteni sana. Swali la mwisho: umbali upimwe kwa uzi, au kwa barabara?

PenseliHB:
Vyote viwili, kwa rangi mbili. Uzi mwekundu Mtwara–Palma moja kwa moja. Wa bluu ufuate daraja: Mtwara, Masasi, Mangaka, Mtambaswala, Negomano, Mueda, ndipo urudi pwani hadi Palma. Kata mita moja na nusu ya bluu, usije ukapungukiwa njiani.