Kompyuta ya baba Lamu na cheti cha uhai: nipandishe mfumo gani?

Kutoka: Mwana wa Langoni, Leicester

Assalamu alaykum wazee wangu na ndugu zangu. Baba, ambaye wengi wenu mnamjua tangu enzi za ubaharia wake, yuko nyumbani kwetu Langoni na hupokea pensheni kutoka ofisi moja ya huku Uingereza. Kila mwaka hutakiwa kuthibitisha kuwa yu hai. Safari hii ofisi hiyo haikutuma fomu kwa posta, bali imetaka cheti cha uhai kijazwe kwenye tovuti yake, na tovuti hiyo haifunguki kwenye kompyuta ya baba. Huleta onyo kwamba kivinjari ni cha zamani na muunganisho si salama, basi huishia hapo. Nilipopiga simu niliambiwa tutafute kompyuta nyingine, na nilipouliza iwapo karatasi bado inapokewa sikupewa jibu. Simu ya mkononi haifai, kwa kuwa macho ya baba yamedhoofika na sahihi ya shahidi inatakiwa ipite kwenye skana iliyounganishwa na mashine hiyo.

Mashine ni ya mezani, ina mfumo wa Windows 7, kichakato cha Core i3 cha kizazi cha pili, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na diski ngumu ile ile iliyokuja nayo. Huganda mara kwa mara. Ndani yake zimo hati za shamba, vyeti vyake vya ubaharia, na rekodi za Maulidi za miaka mingi ambazo hazipo mahali pengine popote. Naomba kujua mambo mawili: je, yaweza kupandishwa hadi Windows 11 bila faili kupotea, na je, yupo kati yenu ambaye mzazi wake amekubaliwa cheti cha uhai cha karatasi?

Kutoka: Mtu wa Mkomani, Toronto

Waalaykumu salaam. Mpe baba salamu zangu nyingi. Jambo lako ni jepesi: pakua ISO (faili ya kusakinishia) ya Windows 11, iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, na uchague kuruka masharti ya TPM (chipu ya usalama) na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka). Mimi nimefanya hivyo kwenye mashine ya kizazi cha tatu hapa nyumbani na watoto wanaitumia kwa masomo. Usipoteze fedha kununua mashine mpya.

Kutoka: Fundi wa Malindi, aliyerejea kutoka Dubai

Ndugu wa Mkomani, kwa heshima zote, ushauri huo si wa kumpa mtu ambaye mzazi wake yuko mbali na fundi. Windows 11 hudai TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, orodha ya vichakato vinavyokubaliwa huanzia kwa kawaida kizazi cha 8. Ukiyaruka masharti hayo mfumo utaingia, lakini Microsoft yenyewe imeeleza kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho, na toleo kubwa la kila mwaka halitajileta lenyewe. Mtu atapaswa kuketi mbele ya mashine na flashi kila mara. Nani atafanya kazi hiyo Langoni? Isitoshe, kutoka Windows 7 hakuna njia ya kupanda moja kwa moja hadi 11 ukabaki na programu zako. Ni usakinishaji mpya, na usakinishaji mpya ndio unaofuta diski mikononi mwa fundi mwenye haraka. Kuhusu RAM ya GB 4, ndicho kiwango cha chini kabisa kilichoandikwa, na juu ya diski ya kuzunguka mzee atasubiri hadi achoke.

Kutoka: Dada wa Shela, Muscat

Ndugu wa Langoni, kabla ya yote nakuomba uziokoe faili. Kompyuta ya marehemu mama ilipelekwa kwa fundi mmoja ili iwekewe Windows mpya, naye akaisafisha yote bila kuuliza. Picha za harusi ya dada yangu, na sauti ya mama mwenyewe akisoma utenzi, hatukuzipata tena. Huku Muscat tunasikia Kiswahili sokoni na kwenye majumba ya watu, lakini sauti ile haina wa kuifidia. Rekodi za Maulidi alizonazo baba yako si mali ya nyumba yenu tu, ni za mji. Zinakiliwe kwenye diski mbili za nje, moja ibaki Langoni na nyingine iende kwa ndugu aliye nje ya kisiwa, na mtu azifungue faili chache kuhakikisha zinasomeka kabla bisibisi haijagusa mashine.

Kutoka: Mtu wa Mkomani, Toronto

Sikusema faili zisinakiliwe. Nilidhani hilo linajulikana. Ikiwa Windows 11 inawatia hofu, basi awekewe Windows 10, ambayo hupokea mtu anayetoka Windows 7 pamoja na faili na programu zake. Ufunguo wa Windows 7 ulio nyuma ya mashine utatosha kuiidhinisha.

Kutoka: Fundi wa Malindi, aliyerejea kutoka Dubai

Hautatosha. Ofa ya bure ilimalizika rasmi Julai 2016. Ni kweli kwamba njia iliendelea kupitika kwa miaka mingi baadaye, ndiyo maana watu wanaikumbuka, lakini Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kuwa imeifunga. Tena Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Iko ESU, yaani masasisho ya usalama ya nyongeza, ambayo kwa watumiaji wa nyumbani iliongeza mwaka mmoja hadi Oktoba 2026, na hutaka toleo la 22H2 la Windows 10 pamoja na akaunti ya Microsoft. Kumtoa mzee kwenye mfumo uliokwisha na kumpeleka kwenye mfumo unaoishi kwa nyongeza ni kumpa kazi mbili.

Sasa turudi kwenye onyo lenyewe, kwa sababu hakuna aliyelichunguza. Chrome, kivinjari cha Google, iliachana na Windows 7 mwanzoni mwa 2023, toleo la 109 likiwa la mwisho, kwa hiyo sehemu ya kwanza ya onyo inaeleweka. Kivinjari kingine, Firefox 115 ESR (toleo linalotunzwa muda mrefu), kiliendelea kupewa viraka vya usalama kwenye Windows 7 muda mrefu baada ya hapo, nacho hubeba orodha yake ya vyeti vya tovuti (hati za kielektroniki zinazothibitisha kuwa tovuti ni ya kweli) badala ya kutegemea ile ya Windows. Sehemu ya pili, inayosema muunganisho si salama, yaweza kuwa na sababu nyingine kabisa: tazameni saa ya kompyuta. Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye bodi kuu ikifa, kila umeme ukikatika mashine husahau tarehe, na cheti cha tovuti kilicho halali leo huonekana kama hakijaanza kutumika. Nimeona hili Malindi mara nyingi, na watu walikuwa wamekwisha kulipia mfumo mpya. Huko kuganda nako, kabla ya kulaumu Windows, vipande vya RAM vichomolewe na meno yake yasuguliwe kwa kifutio cha penseli, maana hewa ya chumvi ya pwani yetu huyala.

Baada ya hayo, ushauri wangu ni Linux Mint 22, mfumo wa bure usio wa Microsoft, ambao itapokea masasisho hadi 2029. Iandikwe kwenye flashi na mashine iwashwe kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha chochote. Diski ya mzee haitaguswa. Ukurasa wa fomu ukifunguka na skana ikatambuliwa, mtajua mfumo unafaa. Ikishindikana, mtaichomoa flashi na Windows 7 itakuwa pale pale.

Kutoka: Mzee wa Matondoni, Jeddah

Wanangu, mnazungumza vizuri ila mmesahau umeme. Mfumo usisakinishwe bila UPS (betri ya kushikilia umeme), kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mashine yaweza isiwake tena. Na diski ya zamani ivuliwe kabisa, iwekwe kabatini kama ilivyo, mfumo mpya uingie kwenye SSD (diski isiyozunguka) mpya ya SATA, yaani ya kuunganishwa kwa waya ule ule wa diski ya zamani. Ya GB 240 yatosha, na mzee ataona kasi ambayo RAM peke yake haiwezi kumpa. Jambo linaloniuma ni hizi ofisi. Mtu amefanya kazi baharini ujana wake wote, amekatwa mchango kila mwezi kwa kalamu na karatasi, na sasa haki yake imefungwa nyuma ya kivinjari. Serikali zetu nazo zinaiga hayo hayo. Mzee aliye Kizingitini au Faza avuke bahari kutafuta mtandao ili athibitishe kuwa anapumua?

Kutoka: Mwana wa Langoni, Leicester

Nawashukuru nyote. Ndugu yangu ametazama, na saa ya mashine inaonyesha tarehe 1 Januari 2011. Ameirekebisha na onyo la muunganisho limeondoka, lakini la kivinjari limebaki, kwa hiyo atajaribu Firefox kisha flashi ya Mint. Fundi, ukipata safari ya kuja Lamu, utuletee SSD na betri. Tutakulipia nauli ya basi hadi Mokowe na ya boti. Nakili mbili zinaanza usiku huu kama dada alivyoagiza. Bado naomba jibu la swali langu la pili, kwa kuwa siku ya mwisho ya fomu inakaribia: karatasi inapokewa?

Kutoka: Mtu wa Mkomani, Toronto

Kuhusu SSD, asinunue ya NVMe (aina ya kuchomekwa moja kwa moja kwenye bodi), bodi ya kizazi cha pili haina nafasi yake.

Kutoka: Fundi wa Malindi, aliyerejea kutoka Dubai

Mzee wa Jeddah amekwisha sema SATA. Ndugu wa Langoni, nitumie jina la skana na namba ya modeli iliyo nyuma yake, niangalie kama Mint inaitambua kabla sijapanda basi.