Fangasi ukeni inarudi kila mara, na sukari ipo

Swali: Mwenye kisukari ametumia kidonge kimoja cha flukonazoli (dawa ya fangasi), muwasho umerudi. Afanyeje, wadau?

– Kimoja hakitoshi, dada. Ikirudi mara 4 kwa mwaka, daktari huandika miligramu 150 siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha kila wiki kwa miezi 6. Mjamzito asimeze, atumie klotrimazoli, dawa ya fangasi ya kuweka ukeni, usiku 7.

– Tazameni na dawa ya sukari. Dapagliflozini humwaga sukari kwenye mkojo, fangasi wanastawi hapo. Anayetumia glibenklamidi, nayo dawa ya sukari, ajihadhari sana: ikichanganyika na flukonazoli sukari hushuka, jasho na kutetemeka. Apime mara kwa mara.

– Ute wa ukeni uoteshwe maabara kwanza, ijulikane ni fangasi gani. Aina ya fangasi iitwayo glabrata mara nyingi haisikii flukonazoli.