Mrejesho: Mafunzo kwa mtandao kwa watumishi wa halmashauri

Ndugu zangu, habari za kazi. Niliwaomba ushauri kuhusu watumishi wa halmashauri yetu, huku mkoani Tanga, ambao hujiandikisha kwa mafunzo ya mtandaoni kisha wakayaacha njiani. Nawashukuru kwa majibu yenu.

Matangazo ya ubaoni hayakuzaa chochote. Kilichosaidia ni kuanza na mafunzo ya NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao uliochukua nafasi ya ule wa awali, TANePS, mwaka 2023, kwa sababu mtendaji wa kijiji au mwalimu mkuu ambaye ununuzi wake umekwama hahitaji kubembelezwa ajifunze. Video ndefu tulizikata vipande vifupi, kimoja kikionyesha tu namna ya kurejesha nywila iliyosahaulika, tukavisambaza kwa flashi, maana kwa wenzetu wa milimani Usambara mtandao husumbua na bando walikuwa wakijinunulia wenyewe (jambo ambalo, kwa maoni yangu, liliwakwamisha kuliko huo uvivu unaosemwa). Mkuu wa idara naye ameridhia kutenga saa za masomo Ijumaa asubuhi, kwa sharti kwamba dirisha la wananchi lisibaki bila mtu.

Suala la posho bado ni gumu, kwani wapo wanaoshikilia kuwa semina isiyo na posho si semina. Afisa utumishi amekubali vyeti viwekwe kwenye majalada binafsi ya watumishi, na vijana wameanza kuviulizia. Wakongwe, hasa wanaokaribia kustaafu, hawajashawishika.